Mlima Usiokuwa Mbali

Katika maneno tunayoyatamka kila siku bila kuyapima, neno "mbali" ni mojawapo. Uliza habari za Mpale pale Korogwe mjini, kwenye kituo cha mabasi au sokoni, na huenda ukajibiwa kwa mkono ulioinuliwa kuelekea milimani: "Huko? Mbali huko, bwana." Anayejibu hivyo hasemi uongo. Mpale ni kata ya milimani katika Wilaya ya Korogwe, na mtu wa barabara kuu akiifikiria huifikiria kwa kupanda: mawe, kona, ukungu wa asubuhi, na utelezi wa wakati wa mvua. Tena siku hizi, kwa kuwa watalii wa kutembea kwa miguu wameipenda milima ya Tanga, hata vijana wetu wameanza kusema kwamba uzuri wa milima hiyo ni huko kuwa kwake mbali, mahali pasipoguswa, penye misitu na nyasi za baridi kama zilivyoumbwa.

Nimelitafakari jambo hili kwa muda mrefu, na nimefikia kuamini kwamba yote mawili hayakuanza zamani. Mlima haukuwa mbali. Ulifanywa kuwa mbali. Na nyasi zile zinazomfurahisha mgeni hazikujiotea tu, zilitunzwa. Ndugu msomaji, nakuomba univumilie tupande pamoja, si kwa miguu bali kwa historia, maana katika mlima ule limefichika swali linalotuhusu hata sisi tunaokaa bondeni.

Neno mbali halijitoshelezi. Mtu akisema "mbali" ni lazima aulizwe: mbali na wapi? Sisi wa leo tunapima kutoka kwenye lami na reli. Wazee wa milimani hawakupima hivyo. Kwa Washambaa wa kale dunia ilikuwa na sehemu mbili kubwa. Ya kwanza ni Shambaai, nchi ya juu, yenye baridi, maji na migomba. Ya pili ni nyika, nchi ya chini, yenye joto, miiba, mbung'o na homa. Shambaai ndiko kulikokuwa nyumbani. Nyika ndiyo iliyokuwa mbali, hata kama ilionekana kutoka mlangoni.

Lakini watu wale hawakuikimbia nyika kabisa. Wanahistoria waliochunguza makao ya zamani ya Usambara wameonyesha jambo la busara sana: vijiji vingi vilipenda kukaa karibu na ukingo wa mlima. Mtu aliyekaa ukingoni alikuwa na migomba yake juu, penye hewa safi, na shamba jingine chini ambako aliteremka kulima na kurudi. Mvua za juu na za chini haziji sawasawa, wala mazao hayakomai kwa wakati mmoja. Mwaka ambao juu kulikuwa na shida, chini huenda kukavunwa. Na chini kukiungua, migomba ya juu ilisitiri aibu ya njaa. Hiyo ndiyo iliyokuwa akiba ya mnyonge. Kijiji cha ukingoni hakikuwa mwisho wa dunia, bali kilikuwa katikati ya dunia mbili, na njia ya mteremko, ambayo leo tunaiona kama adhabu ya miguu, ilikuwa kama ukumbi unaounganisha vyumba viwili vya nyumba moja.

Hata hadithi ya asili ya ufalme wa Usambara ni hadithi ya kupanda. Masimulizi, ambayo Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy aliyaandika kwa Kiswahili katika kitabu chake cha Habari za Wakilindi, yanamtaja Mbegha, mwindaji kutoka milima ya Nguu, upande ambao kwa miaka mingi ulihesabiwa kuwa Handeni na sasa uko Wilaya ya Kilindi. Mbegha alikuwa kigego, mtoto aliyeota meno ya juu kwanza, na kwa desturi za wakati ule mtoto wa namna hiyo alionekana mkosi. Akahama kwao na mbwa wake wa kuwinda, akapita Kilindi, akavuka mto Ruvu ambao ramani zinauita Pangani, akapanda Shambaai. Huko aliua nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba, akawagawia watu nyama, nao wakampa chakula cha shamba. Mwisho alipewa ufalme huko Vugha, na kizazi chake kikaitwa Wakilindi.

Sina haja ya kubishana kama kila neno la masimulizi hayo lilitokea vile vile. Ninachokitazama ni umbo lake. Aliyefukuzwa nyika anapanda mlimani na kupata heshima. Nyama ya nyika inakutana na ndizi ya mlima, na katika kukutana huko utawala unazaliwa. Anayesimulia hivyo hauoni mlima kama pembe ya nchi. Anauona kama mahali ambapo mambo hufika.

Wazungu wa kwanza walioandika habari za Usambara waliliona jambo hilo hilo. Mmisionari Krapf alikwenda huko kutoka Mombasa mwaka 1848, akarudi tena mwaka 1852. Burton na Speke walipanda mpaka Vugha mwaka 1857, kabla ya safari yao maarufu ya maziwa makuu. Wote walikuwa wanamtafuta mtu mmoja, mfalme Kimweri ye Nyumbai, ambaye amri yake ilivuka milima na kufika kwenye miji ya pwani. Ukitaka ruhusa, ulipanda. Ukitaka haki, ulipanda. Burton alimkuta Kimweri akiwa mzee sana, na mzee yule alitumaini kwamba huenda wageni wale wana dawa ya kumrudishia nguvu. Hawakuwa nayo. Kimweri alifariki mwaka 1862, na hapo ndipo, kwa maoni yangu, umbali wa mlima ulipoanza kutengenezwa.

Kazi hiyo ilianzwa na mtoto wake mwenyewe. Semboja, mmoja wa wana wa Kimweri, alikuwa ametawala Mazinde, chini kabisa, penye njia ya misafara itokayo pwani kwenda bara. Njia ile ilileta nguo, baruti na bunduki, ikachukua pembe za ndovu na, kwa huzuni kubwa, watu. Semboja alielewa mapema kwamba nguvu ya zama mpya haikuwa tena katika mvua na kodi ya ndizi, bali katika bunduki, na bunduki zilipita bondeni. Alipofanikiwa kumwondoa mrithi wa ufalme, hakuhamia Vugha kukaa kwenye kiti cha baba yake. Alimweka huko mwanawe mdogo, naye akabaki Mazinde. Mfalme akawa juu, nguvu zikawa chini. Nchi ikaingia katika vita vya ndugu kwa ndugu. Watu wakakamatwa na kuuzwa. Wengi waliokuwa wakilima chini wakaogopa kuteremka. Ile nyumba ya vyumba viwili ikafungwa mlango wa kati.

Washambaa wana maneno mawili ambayo mtu akiyajua ataielewa historia yao vizuri zaidi. Kuna kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, kuifanya njema. Na kuna kubana shi, yaani kuiharibu. Mfalme mwenye nguvu isiyopingwa huiponya nchi, mvua zikanyesha na watu wakashiba. Wenye nguvu wakishindana, nchi huharibika, na njaa huja. Mtu wa kisasa atasema hayo ni mambo ya mizimu na mvua. Lakini hebu fikiri: nchi ambayo njia zake za kuteremka hazipitiki kwa hofu ya watekaji, ambayo shamba la chini limeachwa pori, itaacha kuona njaa? Wazee hawakuwa wajinga. Walikuwa wakizungumza siasa na kilimo kwa lugha moja.

Wajerumani walipokuja walikamilisha kwa chuma kile Semboja alichokianza kwa bunduki. Reli yao ilianza Tanga mwaka 1893, ikajikongoja miaka mingi, ikafika Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Mwaka ule ule wa 1893 mkonge uliletwa kutoka Florida kwa kupitia Hamburg. Miche 62 tu ndiyo iliyosalimika, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutoka miche hiyo yakatoka mashamba makubwa yaliyoijaza nchi ya chini, Korogwe ikiwemo, na kuwavuta vibarua kutoka kila upande. Nyika iliyokuwa mbali ikawa ndipo mahali penye stesheni, duka, mshahara na kodi. Mlima haukusogea hata hatua moja. Ila kipimo kilihamishwa, na mtu aliyelala akiwa katikati ya nchi yake aliamka akiwa pembeni.

Hapo sasa niruhusu nihamie kwenye habari ya nyasi, maana ndizo zinazopigwa picha. Nyasi za baridi kwa kweli haziko kila mahali katika milima yetu. Ziko zaidi upande wa kaskazini, katika Wilaya ya Lushoto, kwenye nchi za juu za Magamba, Kwai, Shume na Shagayu, ambako vilele hupita mita 2,200 na usiku wa mwezi wa Julai humfanya mtu atafute blanketi la pili. Huko, kati ya msitu na msitu, palikuwa na nyanda za wazi, zenye majani mafupi na laini kama zulia. Zilikuwa malisho, na malisho hayana budi kuwa na mchungaji.

Wachungaji hao walikuwa Wambugu. Hawa ni watu wenye historia ya pekee. Masimulizi yao yanataja kutoka mbali sana kaskazini, upande wa Laikipia, na kuhama pamoja na ng'ombe wao. Lugha yao imewashangaza wataalamu wa dunia nzima, kwa kuwa wana namna moja ya kusema ambayo sarufi yake ni ya Kibantu, inayofanana na Kipare, lakini maneno yake mengi yametoka kwenye lugha za Kikushi. Washambaa walikaa penye migomba. Wambugu wakapanda zaidi, mpaka penye baridi ambayo migomba haiipendi. Ng'ombe wao walikula, walikanyaga, walirutubisha. Moto uliwashwa kwa wakati wake. Miche ya msitu iliyojaribu kuingia uwandani haikupata nafasi. Vizazi kwa vizazi, kwato na moto viliweka mpaka kati ya mti na jani. Uwanda ule ambao mgeni angeuita wa asili ulikuwa kazi ya mikono, kama shamba la mpunga lilivyo kazi ya mikono.

Wajerumani wangepaswa kulijua jambo hilo kuliko watu wote. Kwao Ulaya, katika milima ya Alps, nyanda za juu zilizojaa maua ni malisho ambayo wachungaji wameyatunza kwa karne nyingi, wakipandisha mifugo wakati wa kiangazi na kuiteremsha kabla ya theluji. Hata neno lenyewe alp, kwa watu wa milima ile, lina maana ya malisho ya juu. Hakuna Mswisi ambaye angesema malisho ya babu yake ni nchi isiyo na mwenyewe. Lakini walipoiona Usambara walifurahi kuona nchi inayofanana na kwao, wakaupa mji wa Lushoto jina la Wilhelmstal, yaani bonde la Wilhelm, kwa heshima ya mfalme wao, na mwaka 1896 serikali yao ikaanzisha shamba la majaribio huko Kwai, likijaribu nafaka, viazi na mifugo ya Ulaya. Nyanda zilizokuwa tayari zimefyekwa, zimerutubishwa na kuzoeshwa mifugo na watu wengine, zilionekana kama zawadi iliyowekwa na maumbile. Waliiona kazi, hawakumwona mfanyakazi.

Msitu nao ulipata mwenyewe mpya. Huko Shume kulikuwa na miti ya mwangati, yenye mbao nyekundu zenye harufu nzuri, zisizoliwa na mchwa kirahisi. Kampuni ya Wilkins na Wiese ilijenga kiwanda cha kupasua mbao mahali walipopaita Neu-Hornow, na ili kuziteremsha mbao kutoka juu ya genge mpaka reli, wakatundika waya mkubwa wa chuma kutoka milimani hadi stesheni ya Mkumbara. Ulikuwa ufundi wa ajabu kwa zama zile. Gogo lililokuwa mlimani asubuhi liliweza kuwa stesheni siku ile ile. Ndiyo sababu nasema mlima haukuwa mbali kwa kila mtu. Kwa mbao ulikuwa karibu mno. Umbali ulibaki kwa mgonjwa aliyebebwa kwenye machela, kwa mama mwenye mzigo wa ndizi kichwani, na kwa mtoto aendaye shule.

Misitu mingi ilitangazwa kuwa ya serikali, na Waingereza walipoichukua nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza waliendeleza mipaka hiyo, wakaongeza mashamba ya miti ya kigeni. Wambugu wakabanwa. Malisho yalipunguka, mifugo ikapunguka, na wengi wakageukia jembe. Nyanda nyingine zikamezwa na miti, nyingine zikawa bustani za kabichi na viazi. Nisieleweke kwamba nailaani misitu ya hifadhi. Bila msitu wa juu, mito inayoteremka kuingia Mkomazi na Pangani ingekuwa hadithi, nasi wa bondeni tungekuwa wa kwanza kulia. Ninachosema ni kwamba hifadhi ilianza kwa kumsahau mtu, na jambo lililoanza kwa kusahau huwa gumu kukumbusha baadaye.

Ushahidi wake ulionekana katika miaka ya 1940 na 1950. Kwa kuhofia mmomonyoko wa udongo, serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuirekebisha ardhi ya Mlalo mwaka 1946, kisha ikaueneza katika Usambara kwa jumla. Watu walilazimishwa kulima matuta kwenye miteremko, na mifugo ikatakiwa ipunguzwe milimani. Waliokataa walitozwa faini. Wataalamu walikuwa na hoja. Udongo ulikuwa unakwenda kweli. Lakini kazi ya matuta iliwaangukia zaidi wanawake, ambao tayari walikuwa na jembe, kuni na maji. Tena watu walihofia kwamba shamba likishapangwa na serikali litakuwa la serikali. Wakakataa, wakanung'unika, wakawageuka wazumbe waliokuwa wakiwasimamia, na manung'uniko yao yakakutana na harakati za TANU. Kabla ya uhuru mpango ule ulikuwa umekufa. Haukushindwa kwa sababu watu wa mlimani hawakuipenda ardhi. Ulishindwa kwa sababu hawakuulizwa wao wanaiponyaje.

Na tazama ajabu: miaka ya 1980 mradi mwingine wa hifadhi ya udongo ulipoingia Lushoto kwa msaada wa Ujerumani ya wakati huo, ukawashauri watu kupanda majani ya gwatemala kwenye kingo za mashamba na kufuga ng'ombe wachache bandani, wengi walikubali, kwa kuwa jani lile lile lililoshika udongo lilimlisha ng'ombe aliyetoa maziwa na samadi. Mteremko ulikuwa ule ule. Kilichobadilika ni kwamba safari hii mtu aliona faida yake mwenyewe ndani ya faida ya ardhi.

Sasa tumefika katika zama za wapanda milima. Tangu miaka ya 1990 utalii wa kitamaduni umekuwa ukiwaleta wageni Lushoto kutembea kwa miguu kwenda Irente, Magamba, mpaka Mtae ambako genge linakatika ghafla na nyika kuonekana chini kama bahari. Magamba ilitangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2010. Kijiji cha Mpale nacho kimepata kuingia katika habari za maendeleo kwa umeme wa jua wa mtambo wa pamoja, jambo linaloonyesha kwamba mahali tunapopaita pa mwisho panaweza kuwa pa mbele. Mimi nafurahi kwa haya yote. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kijana anayemwongoza mgeni msituni anapata riziki halali, na anajifunza kuwa majina ya miti aliyofundishwa na bibi yake yana thamani.

Lakini nina wasiwasi na maelezo tunayompa mgeni. Tukimwambia kwamba anaona pori tupu, asili isiyoguswa, tunairudia sentensi ile ile iliyotumika kumwondoa Mbugu kwenye malisho yake. Njia anayoipita mgeni, akidhani ni njia ya watalii, ni ile ile ya mkulima wa mashamba mawili, ya wapelekaji kodi Vugha, ya waliokimbia watekaji, ya waliokimbia kodi ya kichwa. Haikuchorwa na ofisi yoyote. Imechorwa na nyayo, na nyayo nyingi kati ya hizo zilikuwa peku.

Jambo hili si la Usambara peke yake. Huko Marekani, bonde la Yosemite lenye nyanda maarufu za majani lilikuwa limetunzwa kwa moto na wenyeji wake wa asili, ambao askari waliwavamia na kuwafukuza mwaka 1851. Baadaye, moto ulipokatazwa, watunzaji wa hifadhi wakashangaa kuona miti ikizivamia nyanda. Hapa kwetu, uwanda wa Kitulo katika Nyanda za Juu Kusini, ambao watu wameuita Bustani ya Mungu kwa wingi wa maua yake, ulijua mifugo muda mrefu kabla ya kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Palipo na nyasi nzuri juu ya mlima, uliza kwanza: ni nani aliyekuwa akichunga hapa?

Na swali hilo halijapitwa na wakati. Mtu akisimama kwenye ukingo wa milima ya Korogwe akatazama kusini, macho yake yanaielekea nchi tambarare ya Handeni. Huko ndiko kuliko kijiji cha Msomera, ambako tangu Juni 2022 serikali imekuwa ikiwahamishia wakazi wa Ngorongoro, wengi wao wafugaji wa Kimasai. Serikali imesema kwamba wanahama kwa hiari, wakipewa nyumba na ardhi, na kwamba watu na mifugo wamezidi uwezo wa hifadhi. Baadhi ya wakazi wa Ngorongoro na watetezi wa haki za binadamu wamepinga maelezo hayo, wakisema kwamba huduma zilipunguzwa ili watu wasiwe na la kufanya. Mimi si hakimu wa shauri hilo, na katika insha fupi kama hii siwezi kulimaliza. Lakini mwenye kuijua historia ya Usambara hawezi kuitazama Handeni bila kutambua mwendo anaoufahamu: mfugaji wa nchi ya juu yenye majani na ukungu anateremshwa nyikani, na nyuma yake uwanda unabaki na wanyama na wageni. Tena Msomera nayo haikuwa tupu. Nyika haijapata kuwa tupu, kama vile mlima haujapata kuwa mbali.

Nadhani tunachohitaji ni kuyarudia yale maneno mawili ya Washambaa na kuyatumia kama mizani. Mpango wowote unaoletwa milimani au nyikani, uwe wa msitu, wa utalii, wa mifugo au wa umeme, uulizwe: huu unaiponya nchi au unaiharibu? Na katika kujibu tukumbuke kwamba kwa wazee nchi haikuwa udongo na miti tu. Nchi ilikuwa udongo, miti, mvua na watu, vikiwa pamoja. Kuuponya mti kwa kumfukuza mtu, au kumshibisha mtu kwa kuumaliza mti, yote mawili yangeitwa kubana shi.

Kwa vijana wanaoongoza wageni nina ombi moja dogo. Mgeni akifika juu, akavuta pumzi, akatazama nyasi na ukungu, kisha akasema jinsi mahali hapo palivyo mbali na watu, msimkatize furaha yake. Mwacheni apumzike kwanza. Kisha mwonyesheni jiwe lililochongeka kwa kupitiwa, au mgomba uliosalia peke yake kando ya msitu, mahali palipokuwa na nyumba. Mwambieni nani alikaa hapo, alilima wapi juu na wapi chini, na ng'ombe wake walilala wapi. Na kama hamjui, waulizeni wazee leo jioni, kabla hawajaondoka na majibu yao.